Daftari la Faili Moja

Ukienda katika shule nyingi za pwani yetu, kutoka Mtwapa mpaka Mambrui, utalikuta katika chumba cha vitabu daftari moja kubwa lenye jalada gumu na mistari ya buluu. Humo huandikwa kila kitabu kinachotoka na kila kitabu kinachorudi, na jina la aliyekichukua, na sahihi yake. Kalamu za rangi tatu nne zimepita juu yake; kurasa za mwanzo zimelegea kwa jasho la mikono, na pengine mchwa wamekwisha onja ncha zake. Usilicheke, msomaji. Daftari hili limewahudumia watu wengi kwa muda mrefu bila ya umeme wala fundi. Lakini lina udhaifu mmoja ambao hauonekani mpaka siku ya haja. Hujibu kwa wepesi swali moja tu, nalo ni lile alilolifikiria mwandishi wake alipokuwa akipiga mistari. Ukiliuliza ni vitabu gani vilivyotoka tarehe fulani, litakujibu mara moja. Ukiliuliza mwanafunzi fulani ana vitabu gani mkononi, itakubidi ufunue kurasa zote tangu Januari.

Nataka kukueleza chombo kimoja kinachoweza kusimama kando ya daftari hilo na kulisaidia. Chaitwa SQLite, nami hukitumia kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Wenye elimu ya kompyuta husema kuwa ni maktaba ya hifadhidata. Neno maktaba lisikupoteze: hapa maana yake si nyumba ya vitabu, bali ni mkusanyiko wa kazi zilizokwisha andikwa na mtu mwingine, ambazo programu yako huziazima inapozihitaji. Na hifadhidata ni daftari lililopangwa kwa namna ambayo laweza kuulizwa maswali mengi, hata yale ambayo mwandishi wake hakuyafikiria siku ya kwanza.

Hifadhidata nyingi kubwa zimejengwa kwa mfano wa duka la jumla. Mnunuzi haingii ghalani. Husimama mbele ya meza, akataja haja yake, na karani huingia ndani akamletea. Karani huyo katika kompyuta huitwa seva, nayo ni programu inayokesha usiku na mchana ikingoja maombi. Mpango huu ni mwema kwa benki, mahali ambapo watu maelfu huuliza kwa wakati mmoja. Lakini karani akiugua, duka limefungwa hata kama ghala limejaa. SQLite haina karani. Maktaba yenyewe huingia ndani ya programu yako, ikafungua faili kwa mkono wake, ikasoma, ikaandika, ikafunga. Daftari zima, pamoja na majedwali yake yote, ni faili moja tu, ambayo unaweza kuinakili katika flashi ukaitia mfukoni.

Asili yake inafurahisha. Mwaka 2000 Mmarekani aitwaye D. Richard Hipp alikuwa akiandika programu ya kutumiwa katika manowari ya Marekani iitwayo Oscar Austin. Programu ile ilitegemea hifadhidata yenye seva, na kila seva ilipokosa kuamka, kioo cha kompyuta kilitoa habari kwamba hifadhidata haipatikani. Lawama zikamwangukia mwandishi wa programu ingawa kosa halikuwa lake. Hipp akajiuliza kwa nini programu isisome faili yake yenyewe moja kwa moja, bila ya kumpitia mtu wa kati. Kazi iliyozaliwa na swali hilo hakuitoza ada. Ameiacha iwe mali ya umma, kila mtu aitumie apendavyo. Leo imo katika kila simu ya Android na kila iPhone. Ikiwa una WhatsApp katika simu ya Android, mazungumzo yako na shangazi yako yamehifadhiwa katika faili ya namna hii, nawe umekuwa mwenye hifadhidata bila ya kujua.

Python ina umri mkubwa zaidi. Mholanzi Guido van Rossum aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, na tangu toleo la 2.5, la mwaka 2006, SQLite huja imefungwa ndani yake. Jambo hili lina uzito katika shule za kwetu kuliko linavyoonekana kwa mtu wa mjini. Kompyuta ikiisha kuwa na Python, haihitaji kupakua kitu kingine chochote, na mwalimu mkuu haombwi fedha za bando la intaneti. Mistari mitatu yatosha kuanza:

import sqlite3
daftari = sqlite3.connect("vitabu.db")
daftari.execute("PRAGMA foreign_keys = ON")

Mstari wa kwanza unaiita maktaba. Wa pili unafungua faili ya vitabu, na kama haipo, unaiumba. Wa tatu nitaueleza nitakapofika kwenye majedwali.

Lakini kabla ya kuumba jedwali lolote, hapana budi ulijibu swali ambalo kompyuta haiwezi kukujibia: mtu mmoja utamtofautishaje na mwingine? Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kuandika majina ya wanafunzi kwa hati safi, jina lake na la babaye, na ilidhaniwa kuwa hayo yatosha. Katika nchi yetu hayatoshi. Miongoni mwa Wagiriama na jamaa zao wa Mijikenda mtoto aghalabu hupewa jina la babu au nyanya, kwa hiyo majina huzunguka katika ukoo kama ndoo ya kisimani. Karisa humzaa Charo, na Charo humzaa Karisa. Mjukuu akawa na jina la babu yake, na katika nyumba ya pili, isiyo na udugu nao, kuna Karisa Charo mwingine. Kwa Waswahili wa Malindi na Mambrui taabu ni ya tahajia: Mohamed, Mohammed, Muhammad na Muhamadi ni mtu mmoja katika madaftari manne. Na karani aliyetoka mbali, asiyeizoea sauti ya dz, humwandika Kadzo kuwa Kazo, na tangu siku hiyo kuna wasichana wawili mahali palipokuwa na mmoja.

Katika shule moja niliyopata kufundisha walikuwamo wavulana wawili wenye majina mawili yale yale, kila mmoja katika mkondo wake. Walimaliza Kidato cha Nne mwaka mmoja. Mmoja wao alikuwa amepata nafasi katika chuo, naye alitakiwa kupeleka cheti chake kabla ya Ijumaa. Alifika shuleni Jumatano pamoja na mama yake. Walikuwa wametoka upande wa Ganze, kwa pikipiki kwanza na kisha kwa matatu. Nilimwamkia yule mama, shikamoo, naye akaniitikia, marahaba mwanangu, akaketi kwenye benchi na mkoba wake mapajani. Karani wa vitabu akafunua daftari, akapitisha kidole, akasema kwamba kijana hajarudisha vitabu vinne, na cheti hakitatoka mpaka vilipwe.

Kijana akasema vyote alivirudisha. Karani akamwonyesha jina. Kijana akasema jina ni lake lakini sahihi si yake. Na kwa kweli sahihi ile ilikuwa mkwaruzo tu, ambao hata mimi ningeweza kuudai kuwa wangu.

"Mama, jina ndilo hili," karani alisema. "Mimi nitafanyaje?"

"Mwanangu," mama akamjibu, "jina hilo ni la babu yake. Wenye jina hilo ni wengi."

Tulifunua kurasa tangu saa nne mpaka adhuhuri. Daftari lilitaja kitabu, likataja jina, likataja tarehe. Halikutaja mkondo, wala nambari ya usajili, wala ile nambari iliyopigwa muhuri ndani ya kila nakala. Hapakuwa na njia ya kupata ukweli humo, kwa sababu ukweli haukuwa umeandikwa. Mama alirudi nyumbani akauza mbuzi, akalipa, na cheti kikatolewa Jumanne iliyofuata, wakati nafasi ya chuo imekwisha pita. Muhula wa pili yake mjomba wa yule kijana mwingine alileta vitabu vitatu katika vile vinne, alivyovikuta ndani ya sanduku alipokuwa akihamia nyumba nyingine. Fedha za vitatu zilirejeshwa. Mbuzi, bila shaka, alikuwa amekwisha liwa. Karani yule hakuwa mtu mwovu, nami sipendi umhesabu hivyo. Alisoma kwa uaminifu kilichoandikwa mbele yake.

Katika hifadhidata jambo hili lina dawa, nayo huitwa ufunguo wa msingi. Ni alama moja aliyopewa mtu au kitu, isiyorudiwa kwa mwingine yeyote, na isiyobadilika hata mwenyewe akihama mkondo, akiolewa, au akiamua kuanzia leo kuandika jina lake kwa namna nyingine. Kwa mwanafunzi tunayo tayari, ndiyo nambari ya usajili aliyopewa siku alipoingia shuleni. Kwa nakala ya kitabu ni nambari ya muhuri.

Nimewasikia watu wakisema kwamba kumtia mtu katika nambari ni kumshusha heshima. Mimi naona heshima ya yule kijana ilishushwa na jina, maana jina lake lilimbebesha deni la mtu mwingine. Watafiti wa KEMRI na Wellcome walio Kilifi tangu mwaka 1989 walilikabili jambo hilo hilo kwa kipimo kikubwa. Tangu mwaka 2000 wamewaandikisha wakazi wa eneo la kilomita za mraba 891 kuizunguka hospitali ya Kilifi, nao ni zaidi ya watu laki mbili, ili mtoto akilazwa ajulikane ni yupi hasa katika orodha ya vijiji. Fikiria kulifanya hilo kwa majina peke yake, katika nchi ya Karisa Charo.

Na kuna mfano mwingine, wa mbali sana na wa karibu sana. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Kazi yake ilikuwa kuitafuta miali ya eksirei itokayo angani, na kwa heshima ya siku ile ikaitwa Uhuru. Orodha ya nne ya ilivyoviona, iliyochapishwa mwaka 1978, ina vyanzo 339. Vingi havikuwa na jina lolote katika lugha ya wanadamu. Basi kila kimoja kilipewa alama inayoanza kwa 4U, ikifuatwa na tarakimu za mahali pake angani, na hata leo wanajimu wa nchi za mbali huvitaja kwa alama hizo. Herufi U ile ni ya neno letu. Nimeiingiza habari hii hapa kwa sababu wanafunzi wangu wa Malindi huitazama bahari ile kila siku na wengi hawajapata kuisikia.

Turudi kwenye vitabu. Majedwali yetu ni matatu. La kwanza ni la wanafunzi, lenye nambari ya usajili, jina kama mwenyewe anavyoliandika, na mkondo. La pili ni la nakala, lenye nambari ya muhuri na jina la kitabu. Angalia kwamba nasema nakala, sisemi kitabu. Kitabu cha hesabu ni kimoja, lakini nakala zake zaweza kuwa 200, na inayopotea ni nakala. Jedwali la tatu ni la mikopo. Hili halina jina la mtu wala jina la kitabu hata moja. Lina nambari ya usajili, nambari ya muhuri, tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi. Jina huandikwa mahali pamoja tu katika daftari zima, kwa hiyo likisahihishwa pale limesahihika kila mahali. Fikra hii ya kuyagawa mambo katika majedwali na kuyaunganisha kwa thamani zilizomo ndani yake ilielezwa mwaka 1970 na Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani.

Sasa naweza kuueleza mstari ule wa tatu. Huiamuru SQLite iikatae nambari ya mwanafunzi ambaye hayumo katika jedwali la kwanza, na muhuri ambao haumo katika la pili. Usipotoa amri hiyo kila mara unapofungua faili, huenda SQLite ikaipokea nambari yoyote, hata kama umeyatangaza mahusiano ya majedwali kwa usahihi. Ulegevu wake hauishi hapo. Safu uliyoitangaza kuwa ya tarakimu yaweza kupokea maneno "kumi na mbili" bila ya kunung'unika. Watengenezaji wake huutetea ulegevu huu kuwa ni faida. Mimi, ambaye kazi yangu ni kusahihisha madaftari, siupendi. Tangu mwaka 2021 kuna neno STRICT, ambalo ukiliandika mwishoni mwa tangazo la jedwali huondoa tabia hiyo. Liandike.

Majedwali yakiisha kujaa, swali lililomshinda karani kutoka saa nne mpaka adhuhuri huandikwa hivi:

SELECT nakala.kitabu, mikopo.ilitoka
FROM mikopo JOIN nakala ON nakala.muhuri = mikopo.muhuri
WHERE mikopo.usajili = ? AND mikopo.ilirudi IS NULL

Maana yake ni hii: nipe jina la kitabu na tarehe iliyotoka, kwa kila mkopo wa mwanafunzi huyu ambao mahali pa tarehe ya kurudi pangali patupu. Jibu hupatikana kabla hujavuta pumzi. Na unaweza kuligeuza swali: ni nakala ipi iliyotoka mwaka jana na haijarudi, ni mkondo gani wenye vitabu vingi nje, ni kitabu gani ambacho hakuna aliyepata kukiomba. Swali hili la mwisho, nakuambia, lina majibu ya kusikitisha.

Umeiona alama ya kuuliza iliyokaa mahali pa nambari? Usiipite haraka. Kijana anayeanza kuandika programu huona ni rahisi kuliunganisha jina na swali kwa mkono wake, kama mtu anayejaza nafasi wazi katika barua. Tuseme anamtafuta mwanafunzi kwa jina la Mung'aro, ambalo ndilo jina la gavana aliyechaguliwa Kilifi mwaka 2022. Katika lugha ya SQL maandishi hufunguliwa na kufungwa kwa alama ile ile iliyo katikati ya jina hili. Basi mashine hufikiri kwamba jina limekwisha kwenye Mung, na aro iliyobaki huiona kuwa ni amri isiyoeleweka, ikakataa kazi. Hilo ni afadhali, maana imekataa kwa sauti. Mtu mwenye hila aweza kuandika mahali pa jina maneno ambayo ni amri kamili ya kufuta jedwali, na mashine ikamtii. Ukiweka alama ya kuuliza na kulikabidhi jina kando, SQLite huchukua kila kilichomo kuwa ni jina tu, hata kikiwa na alama gani. Sisi ambao lugha yetu ina ng'ombe na ng'ambo tuna sababu ya kulijua jambo hili mapema kuliko wengine.

Sasa nije kwenye umeme. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 ulikatika karibu katika nchi nzima. Lakini hatungoji mkasa wa taifa. Masika yakianza, au kuti la mnazi likiangukia waya, chumba cha vitabu huingia giza, na kompyuta ya shule, ambayo betri yake imezeeka, huzimika pamoja na taa. Tuseme dakika hiyo hiyo nakala moja ilikuwa ikihamishwa kutoka kwa mwanafunzi wa nambari 212 kwenda kwa wa 340. Maandishi ni mawili: kumwondolea wa kwanza, na kumwandikia wa pili. Umeme ukikatika katikati ya hayo mawili, kitabu si cha huyu wala si cha yule, na mambo yamerudi kule kule kwenye benchi na mkoba mapajani. Kwa hiyo huyafunga pamoja:

with daftari:
    daftari.execute("UPDATE mikopo SET ilirudi = ? WHERE muhuri = ? AND ilirudi IS NULL", (leo, muhuri))
    daftari.execute("INSERT INTO mikopo (usajili, muhuri, ilitoka) VALUES (?, ?, ?)", (mpya, muhuri, leo))

Yaliyo chini ya neno with ni tendo moja. Hutimia lote au halitimii kabisa. Namna SQLite inavyolitimiza ni ya kupendeza, na yaeleweka na mtu yeyote aliyepata kufanya kazi kwa uangalifu. Kabla ya kuugusa ukurasa wowote wa faili, huunakili kwanza ukurasa huo, kama ulivyo, katika faili nyingine ndogo iliyo pembeni, iitwayo jarida. Huhakikisha kwamba nakala hiyo imefika diskini. Ndipo hubadili faili yenyewe. Kazi ikiisha salama, jarida hufutwa, na kule kufutwa kwa jarida ndiko kukamilika kwa tendo. Umeme ukikatika kabla ya hapo, jarida hubaki. Asubuhi, programu ya kwanza itakayolifungua daftari italikuta jarida lililosalia, itafahamu kwamba kuna kazi iliyokatika njiani, na itazirudisha kurasa za zamani mahali pake kabla ya kufanya jambo lingine. Basi ukiona kando ya vitabu.db faili iitwayo vitabu.db-journal, usiifute kwa kutaka usafi. Aifutaye ameuharibu ushahidi, na daftari huenda likaharibika naye asijue.

Chombo hiki kina mipaka, nami sitakuuzia kwa maneno matamu. Wasomaji waweza kuwa wengi kwa wakati mmoja, lakini mwandishi ni mmoja; wa pili husubiri, na kwa desturi Python humngojesha sekunde tano kisha hurudisha habari kwamba daftari limefungwa. Kwa chumba cha vitabu chenye kompyuta moja haidhuru. Kwa benki hapana. Ukubwa si tatizo, maana faili moja yaruhusiwa kufikia terabaiti 281, na yetu haijatimiza megabaiti mbili. Tatizo zaidi ni kwamba faili haina nywila ya asili: aliyeichukua ameyachukua yote. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yataka mtu asikusanye habari za watu kupita haja, sikuweka humo simu za wazazi wala karo ya mtu. Kitabu hakihitaji kujua kama umelipa karo. Na kuinakili faili wakati programu inaandika kwaweza kukupa nakala mbovu. Python ina kazi iitwayo backup kwa shughuli hiyo, nayo ndiyo tunayoitumia kila Ijumaa, flashi ikakaa katika jengo lingine.

Mzee anayetunza vitabu vyetu hakuliacha daftari lake la jalada gumu, wala sikumwomba aliache. Huandika kwa kalamu kama zamani, ila sasa huongeza nambari ya usajili na ya muhuri, na Ijumaa mchana tunaketi pamoja tukalinganisha, yeye akisoma na mimi nikitazama kioo. Muhula uliopita tulitofautiana mara tatu. Mara moja mzee alikuwa ameruka mstari. Mara mbili daftari lake lilikuwa sahihi na kompyuta ilikuwa na uongo: mwalimu wa zamu alitaka kuandika 181 akaandika 118, na kwa kuwa mwanafunzi wa 118 yupo kweli, mashine haikuwa na sababu ya kukataa.

"Mwalimu," mzee aliniambia mara ya pili, "hiyo mashine yako imwulize mtu jina."

Sasa, nambari ikiisha kuandikwa, programu huonyesha jina na mkondo wa mwenye nambari hiyo, na haiandiki kitu mpaka aliyesimama mbele ya meza aseme kuwa ndiye.